Maziwa ya Mtu Aliyerudi

Chelangat mwanangu,

Kosa ambalo karibu kila timu iliyopanda daraja hulifanya ni kuwaonea aibu watu walioipandisha. Wengi hudhani kosa ni kutumia pesa nyingi. Pesa huja baadaye. Kwanza viongozi huketi na kuwatazama wachezaji wao kwa macho ya watu wa mbali, na ghafla wanaona kwamba kipa ni mfupi, beki ni mzito, na mshambuliaji anacheza na soksi zisizofanana. Wakishaona hivyo, hakuna bei ya mgeni itakayowatisha tena. Nalijua jambo hili kwa sababu niliwahi kutazama hivyo, na nilikuwa mwenyekiti.

Jana mezani ulinisomea kutoka kwenye simu orodha ya wachezaji ambao mwenyekiti wako mpya anataka wasajiliwe kabla ligi haijaanza. Kumi na mmoja. Ulisema anataka saini yako Jumatatu, siku yako ya kwanza kazini kama katibu wa klabu. Kisha ukaniuliza, "Baba, wewe umewahi kupandisha timu. Kumi na mmoja si wengi?"

Nikasema, "Inategemea," nikainuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Nilisimama naye tu, nimemshika pembe, mpaka nikasikia mama yako akiondoa vyombo.

Ndiyo maana naandika. Ni saa kumi alasiri, mvua yetu ya kila siku imeanza kupiga mabati, na wewe umekwenda Sosiot kuwaaga wenzako. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako uikute asubuhi. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya kanisa la kwenda Jumapili mama yako ameyamaliza, sina la kuongeza. Mimi nitajibu swali lako. Lakini siwezi kulijibu kwa ukweli bila kukueleza jambo ambalo kwa miaka sita nimekuacha ulijue vibaya.

Wakati timu yetu, Majani Mawili, inapanda daraja wewe ulikuwa chuoni. Uliiona kwenye simu tu. Ile ilikuwa timu ya wachuma chai, waendesha bodaboda na vijana waliomaliza kidato cha nne wakisubiri maisha yaanze. Walifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi, na hawakuweza kuanza kabla lori halijafika kuchukua majani kituoni, kwa sababu nusu ya timu ilikuwa kwenye foleni ya mzani. Wakulima walikubali kukatwa shilingi moja kwa kila kilo wakati wa msimu, na kwa shilingi hiyo tulinunua mipira, tukalipa gari na chakula cha safari. Hakuna aliyekuwa na mshahara.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini. Kibet, nahodha na kipa wetu, aliteguka kidole gumba mapema kipindi cha pili. Hakutoka. Alidaka kwa viganja mpaka mwisho, kama mtu anayepokezwa mtoto mchanga, na tukashinda bao moja kwa bila.

Tuliporudi, akina mama walikuwa wakitungojea njia panda na mursik. Desturi unaijua, lakini mwalimu haachi kueleza. Mtu wetu akienda mbali akarudi na kitu, awe mkimbiaji aliyetoka ng'ambo au kijana aliyefaulu, tunampokea kwa maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Hayauzwi siku hiyo wala hayaombwi. Mama Kibet alileta kibuyu alichoachiwa na mama yake, kile chenye ukanda wa ngozi na shanga mdomoni. Kibet alikunywa kwanza, mkono wake umefungwa kitambaa, kisha timu nzima.

Mwandishi wa redio akamwekea kipaza sauti. Kibet akasema kwamba kila mtu aliyekatwa shilingi yake kwenye majani ameudaka mpira ule pamoja naye. Alisema hiyo ilikuwa pahati yetu sote.

Chelangat, mimi nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Kijana yule alisema jambo bora kuliko lolote nililowahi kusema mbele ya darasa, na mimi nilichosikia ni kwamba b yake imekuwa p. Niliinamisha kichwa. Nikawaza: huyu ndiye atakayesimama mbele ya kamera za Nairobi kwa niaba yetu? Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, njiani, maziwa yakiwa bado mdomoni mwa watu. Wakala wa wachezaji hakuwa amefika bado.

Wakala alikuja wiki mbili baadaye. Alikuwa na viatu vyeupe, na alitembea kwenye matope yetu kwa uangalifu mkubwa, akirukia jiwe hadi jiwe. Tulikutana naye kwenye banda la kituo cha majani. Alituambia kwamba timu za vijijini zikipanda hushuka mwaka uleule kwa sababu zinaogopa kuwekeza. Alikuwa na majina tisa. Alisema kipa aliyenaye ana urefu wa mlango.

Kamati nzima ilinitazama mimi. Mtu mmoja tu ndiye aliyebisha, Njoroge wa duka la hadwea, mweka hazina wetu.

"Mwalimu," alisema, "hizi pesa za kuwalipa hawa watu tisa ziko wapi?"

Nikamweleza kwamba wakulima watakatwa shilingi nne badala ya moja, na bonasi ya mwaka huo ikitoka tutaomba kila mmoja atoe kidogo. Kila mtu alikuwa anasema bonasi itakuwa nzuri.

Njoroge akacheka. "Mimi nauza mabati. Mtu akianza kujenga na bonasi haijatoka, mimi ndiye namjua. Namuona akirudi dukani na misumari mfukoni, ananiuliza kama naweza kuichukua tena."

"Njoroge," nikamwambia, "mpira si mabati."

Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka upande wangu. Mzee mmoja akamwambia Njoroge arudi akauze misumari. Yeye akaandika kwenye daftari lake, na kesho yake akajiuzulu bila kelele. Nilisema hana moyo wa timu.

Sasa nikueleze jambo la pesa, kwa sababu ndilo utakalolikuta mezani Jumatatu. Mkulima wa chai hulipwa mara mbili. Kuna malipo ya mwezi, madogo, kwa kilo alizopeleka. Kuna bonasi mara moja kwa mwaka, na hakuna anayejua itakuwa kiasi gani mpaka itangazwe. Mkulima mwenye akili hulisha watoto kwa malipo ya mwezi. Bonasi ikija humjengea, isipokuja hakuna anayelala njaa. Klabu nayo ni hivyo hivyo. Kile unachokijua kwa hakika, kama mkataba uliotiwa saini na mfadhili au watu ambao hulipa langoni hata mvua ikinyesha, hayo ndiyo malipo ya mwezi. Kiongozi anayesema atasaidia, mashabiki watakaoongezeka, mchezaji mtakayemuuza ghali mwakani, yote hayo ni bonasi. Mishahara ilipwe kutoka kwenye malipo ya mwezi peke yake. Mimi nilijua hili kwenye shamba langu tangu ujana. Nikalisahau nilipovaa tai ya mwenyekiti.

Siku ya kuwapokea wale tisa nilitaka iwe kubwa. Niliwaambia akina mama walete mursik tena, uwanjani, mbele ya redio. Walileta, kwa sababu waliniheshimu. Wale vijana waliteremka kwenye gari wakiwa na baridi, wamevaa fulana. Kipa mrefu aliitwa Dominic. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na aliangalia milima ya chai kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha.

Nikamwita Mama Kibet amnyweshe Dominic kwanza. Alikuja na kile kibuyu, akafika mbele ya kijana, akamtazama kutoka miguuni hadi juu. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, haya maziwa ni ya mtu amerudi," alisema. "Huyu kijana amekuja tu. Bado hajaenda mahali."

"Mpe hata chai kwanza," mtu akapaza sauti nyuma, na watu wakacheka.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Kibet, usituaibishe mbele ya wageni."

"Nani anaaibisha nani, Mwalimu? Mimi sina ubaya na yeye. Acheze, aende, arudi. Nitampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayemweleza mtoto mahali pa kuweka viatu. Kibet alikuwa nyuma yake na wenzake. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba jezi zao zimeshagawiwa.

Nilinyoosha mkono nikamnyang'anya kibuyu. Sitatafuta neno jingine. Nilikivuta, ukanda ukamkwaruza kiganja, nikammiminia Dominic mimi mwenyewe, mwanamume mzima, mwalimu wa shule, kazi ambayo sikuwahi kumwona baba yangu akiifanya. Maziwa mengine yalimwagika kwenye kiatu chake. Watu walipiga makofi machache. Mama Kibet aliangalia kiganja chake, akajifunga leso vizuri, akaondoka kwenda nyumbani kwa miguu, mikono mitupu. Kibuyu kilibaki kwangu. Nilikiweka stoo nyuma ya magunia ya mbolea, na kimekaa hapo miaka sita, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na mimi sikujua ningekirudisha na nini.

Msimu ulianza. Kibet alikaa benchi mechi nne, kisha nikamwondoa hata kwenye gari, tupate nafasi ya msaidizi wa wakala. Alikabidhi glavu zake zimefuliwa. Wale wageni walikuwa wazuri, tusiwasingizie. Lakini wachezaji huambiana mishahara ndani ya basi kabla hamjafika Londiani. Vijana wetu waliokuwa wakicheza kwa nauli na chakula wakajua kwamba mwenzao anayevaa jezi kama yao anaahidiwa pesa ambazo baba zao hawazipati kwa majani ya miezi mitatu. Hawakugoma. Walianza tu kuchelewa kidogo kufika kwenye mpira. Ukiwa jukwaani unadhani ni uchovu.

Kisha bonasi ikatangazwa, ikawa ndogo kuliko iliyotangulia. Wakulima walikuja kituoni wakasema hawakatwi tena hata shilingi. Walikuwa na haki. Wakala akaacha kushika simu. Vijana wanane wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakapata timu, wengine wakarudi kwao. Dominic alibaki kwenye nyumba tuliyowakodishia sokoni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asubiri wiki moja tu, na nikawa namwambia hivyo kila wiki.

Mama yake alinipigia simu siku moja. Alikuwa na sauti ya mtu anayeogopa kusumbua. "Mwalimu, samahani. Nilitaka kuuliza tu, mwanangu anakula?"

Nikamwambia, "Anakula, mama. Usiwe na wasiwasi." Sikuwa najua kama anakula. Sikuwa nimepita mtaa ule siku nyingi, nilikuwa nazunguka njia ya kanisani ili nisikutane naye.

Alikuwa anakula kwa Mama Kibet. Mama huyo alimkuta dukani akinyimwa unga kwa mkopo, akamwambia, "Wewe, kuja," akampeleka nyumbani kwake. Alimlaza kwenye nyumba ya Kibet, kwa Kibet mwenyewe. Vipa wawili niliowagombanisha kwa lango moja walilala chini ya bati moja miezi miwili, na jioni walirushiana mpira nyuma ya zizi. Watoto walikuwa wanakwenda kutazama. Hayo yote niliyasikia kwa mama yako, ambaye alikuwa akipeleka maziwa huko bila kuniambia.

Siku Dominic alipoondoka, nauli ilitoka kwa Njoroge. Mimi nilikuwa napita na jembe begani, nikasikia sauti, nikasimama nyuma ya ua wa Mama Kibet. Sikuingia. Mama Kibet aliwaita wote watoke nje. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki, kile chekundu cha kuogeshea watoto, kwa sababu kibuyu chake kilikuwa stoo kwangu.

"Sasa kunywa," akamwambia. "Sasa unarudi."

Dominic hakukipokea. "Lakini Mama, mimi sirudi na kitu."

"Unarudi na wewe mwenyewe. Mama yako hajaomba kingine."

Akanywa. Kibet akambebea begi hadi barabarani, wakipiga porojo, na mimi nikabaki nyuma ya miti ya ua nikisoma jembe langu kana kwamba lina maandishi.

Tulishuka daraja mwaka huohuo. Kwenye mkutano wakulima waliniondoa uenyekiti kwa kuinua mikono. Na hapa ndipo penye jambo ambalo nimelikimbia kuliko yote.

Ulinipigia simu jioni ile. Ulikuwa umesikia kwamba wamenitoa, na ulikuwa unalia kwa ajili yangu. Ningeweza kukuambia ukweli wakati ule ule. Badala yake nilikuambia ni wivu. Nilikuambia kwamba Mama Kibet alikataa kuwasalimia wageni, akawachochea akina mama wenzake, na yote yakaharibikia hapo. Nililisema polepole, kwa sauti ya mzee aliyeonewa. Uliniamini kwa sababu sikuwa nimewahi kukudanganya.

Krismasi ukaja nyumbani. Tulipotoka kanisani Mama Kibet alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono akusalimie, yeye aliyekubeba mgongoni siku nilizompeleka mama yako hospitali ya Kapkatet. Ukampita. Mkono wake ulibaki hewani, kisha akautumia kurekebisha kitambaa cha kichwa, ili watu wadhani aliuinua kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa nyuma yako hatua tatu. Neno moja lingetosha. Nilimsalimia mzee wa kanisa.

Tangu siku hiyo humsalimii, na kila unapompita nahesabu ni mimi niliyempita. Kibet siku hizi anaendesha lori la kuchukua majani. Kila jioni akifika kituoni anashusha kioo ananiita, "Mwalimu, habari ya majani?" Kama hakuna lililowahi kutokea. Ningependa anitukane mara moja.

Sasa swali lako. Timu iliyopanda inunue wachezaji wangapi? Ukitaka nambari, nitakupa: watatu. Wanne, kama mchezaji wenu mmoja ameumia. Usichukue aibu yangu ukaifanya uchoyo. Ninaijua timu ambayo haikusajili hata mmoja kwa kiburi cha kujitegemea, ikashuka kabla yetu. Sisi wenyewe tulihitaji beki wa kati na mtu wa kufunga mabao, na mtu mmoja aliyekomaa ambaye ameshacheza daraja lile na anajua kelele za viwanja vyake. Kipa hatukuhitaji. Mahali pekee tulipokuwa na mtu ndipo tulipotumia pesa nyingi zaidi, kwa sababu hapo ndipo nilipoona aibu.

Fikiria shamba. Katikati ya chai nzee miche mingine hufa, yanabaki mapengo. Unajazia. Lakini hujazii shamba zima, unajazia mapengo, na unafanya hivyo baada ya kupogoa, wakati mwanga unafika chini. Ukipanda mche mzuri kivulini, utakufa, na haitakuwa dhambi ya mche. Dominic alikuwa mche mzuri.

Kuhusu kiasi, jiulize swali hili kwa kila jina lililo kwenye orodha: timu ikishuka, nitaweza kumlipa mtu huyu mwezi unaofuata? Kama jibu ni hapana, basi mkataba uwe wa mwaka mmoja, au useme wazi kwamba timu ikishuka mshahara nao utashuka, na mchezaji ausome akielewa kabla hajasaini. Usimlipe mgeni mara mbili ya nahodha. Na kabla ya mgeni wa kwanza kupewa hata nauli, waongezeeni waliowapandisha. Mwenyekiti wako atasema hizo ni pesa za kupoteza, kwa kuwa hao mnao tayari. Ndivyo nilivyosema mimi.

Atakuwa pia na haraka. Wakala naye atakuwa na haraka, watakupigia kwa zamu. Wewe ndiye mwenye kalamu. Najua ni kazi yako ya kwanza kubwa, na najua wanaweza kukutoa kabla ya mwezi kwisha kwa kukataa kusaini majina manane. Ikiwa hivyo, rudi. Hapa hutaulizwa umerudi na nini.

Siku ile barua yako ya kazi ilipokuja nilikwenda stoo nikasogeza magunia, nikakitoa kibuyu. Buibui alikuwa amejenga ndani ya mdomo. Nilikiweka mezani. Mama yako alikitazama, akasema, "Kimekaa sana," akakichukua. Alikisafisha, akakipaka mkaa wa mti wa senetwet, akakijaza maziwa. Leo nimekitikisa, mursik imekaa vizuri.

Sitakupa wewe ukibebe. Mzigo huu si wako, na usijaribu kunitetea mahali popote. Utakapoamka nitakuwa nimeshatoka. Nitakuwa kwa Mama Kibet, na nitamwambia yote niliyokuandikia hapa, pamoja na yale niliyokuambia kwenye simu. Sijui atanijibu nini. Anaweza kukipokea kibuyu na kunifungia mlango, itakuwa haki yake.

Gari lako linaondoka saa tatu, na njia ya kwenda stendi inapita langoni kwake. Huna haja ya kueleza lolote, wala kunisubiri. Kabla hujapanda gari, ingia kwa Mama Kibet umpe mkono.